Pipa Pana Kuliko Boti

Wewe ungefanya nini, kama mkeo angekataa kurudi nyumbani na wala hajakuacha?

Usikimbilie kujibu. Kama mmegombana, utatuma wazee. Kama amepata mwingine, utaumia, utanyamaza, na ipo siku utapona. Lakini Zabibu hakugombana na mtu. Alikwenda kwao, kwenye visiwa vya Mbwera, kumuuguza mama yake. Mama akafariki. Matanga yakaanuliwa, yeye akabaki kuvuna mpunga wa marehemu. Mpunga ukaingia ghalani, akabaki kuandaa shamba la msimu mwingine. Na kila jioni alipiga simu Kibiti.

"Baba Salama, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Hapo Mwinyimvua, mumewe, humtajia wali na samaki wa nazi, na mbele yake pana kipande cha chapati na chai iliyokwisha poa. Kisha humuuliza, kwa sauti ya mtu anayejifanya hana haraka, atakuja lini. Ngoja nimalize palizi, Zabibu humjibu. Palizi ikaisha, wakaja ndege wa kufukuzwa mpungani. Ndege wakapungua, ikawa harusi ya mtoto wa jirani, na nani mwingine angepika togwa?

Maana hiyo ndiyo kazi ya mikono ya Zabibu: togwa. Alipokuwa Kibiti, watu walimfuata kutoka Ikwiriri mpaka Nyamwage. Alipika uji wake, akaupoza mpaka kidole kiweze kukaa ndani bila kulalamika, akautia kimea cha ulezi, akafunika, akawakataza watu wote kufungua. Mtungi wake wa udongo ulipopasuka alihamia kwenye ndoo za plastiki, na tangu siku hiyo hakuacha kunung'unika. Ndoo inanuka togwa ya juzi, alisema. Baba Salama, wewe unaunga vyuma vya watu, mimi huniungii chombo? Nitakuungia, mke wangu. Basi mageti yakatangulia, kama ambavyo kazi za watu hutangulia za nyumbani, mpaka mwenye kuomba akaondoka.

Mwinyimvua ni fundi wa kuchomelea. Banda lake lipo nyuma ya maduka ya barabara kuu, na mageti, madirisha na vitanda vya chuma ndivyo vinavyomlisha. Moyo wake lakini uko kwenye stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Kazi hiyo alijifunza ujanani, Dar es Salaam, katika karakana iliyotengeneza matangi ya maziwa. Huko ndiko alikokutana na mashine ya tigi: mkono mmoja umeshika bunduki yenye sindano, wa pili unalisha waya mwembamba, na gesi ya agoni inauzunguka moto ili hewa isiuguse. Cheche haziruki. Geti huchomelewa kwa makelele. Stenlesi huchomelewa kama mtu anayenong'ona. Alirudi Kibiti na mashine yake mwenyewe, akiamini nyumbani nako watu wanastahili kazi safi.

Kwa nini basi asimfuate mkewe Mbwera? Kila mtu alimuuliza. Yeye ni Mmatumbi wa vilimani, na maji hayampendi. Mara moja tu alipanda boti kwenda ukweni, akatapika njia nzima, na mpaka leo wakwe zake husimulia kwamba alitapika hata wali wa harusi yake. Hilo angelivumilia. Kwa ajili ya Zabibu angetapika kila wiki. Kilichomshinda ni mashine. Kitongoji cha kina Zabibu kinaishi kwa sola, na sola inayowasha taa na kuchaji simu haiwezi kuiamsha tigi. Huko angekuwa mwanamume wa kukaa kibarazani na kusubiri mkewe amlishe.

Tazama jambo hilo lilivyo. Watu wawili wanapendana, wana afya, wana ujuzi, na kinachowatenga ni waya wa umeme unaoishia upande mmoja wa maji. Tunaimba maendeleo kwenye kila jukwaa, na bado mtu wa Rufiji anatakiwa achague kati ya kazi yake na mke wake! Mwinyimvua mwenyewe hakuwa msemaji wa maneno hayo. Yeye aliwaza hila.

Alikwenda Nyamisati, boti zinakotokea kuelekea visiwani, akajifanya amekuja kumsalimu shemeji yake. Hemedy, kaka yake Zabibu, ndiye nahodha wa boti inayopeleka watu na mizigo Mbwera.

"Mmatumbi! Leo umekuja kutapika?"

"Nimekuja kukujulia hali, shemeji."

Walipokuwa wakiongea, Mwinyimvua aliinyoosha mikono juu ya mbavu za boti kama mtu anayejinyoosha uchovu. Upana wake: kutoka ncha ya kidole cha kulia mpaka kiwiko cha kushoto. Akakihifadhi kipimo hicho mwilini mwake, akarudi Kibiti bila hata kunywa chai.

Mpango ulikuwa huu: atamtengenezea Zabibu pipa la togwa ambalo halijapata kuonekana wilaya nzima. Na atalifanya pana kuliko boti. Mke atakayetaka kulitumia itambidi alifuate lilipo.

Mabati ya stenlesi na mtungi wa gesi vililetwa na Gautam, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye gari lake huenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa. Hao wawili walicheza mpira pamoja utotoni, na tangu hapo hawajaacha kutaniana. Gautam alilitazama duara lililochorwa sakafuni kwa chaki.

"Fundi, hili pipa au tangi la shule?"

"La togwa."

"Togwa ya nani? Ya jeshi?"

Mwinyimvua akamweleza, kwa vile hakuwa na mwingine wa kumweleza. Gautam akacheka mpaka akashika ukuta.

"Yaani unamtega mkeo kama panya!"

"Panya hutegwa kwa kitu kidogo," alisema Mwinyimvua. "Mimi naweka kikubwa."

"Na akija, akaliona, akaondoka?"

Mwinyimvua alivaa kofia yake ya kuchomelea, kioo kikamfunika uso, mazungumzo yakaishia hapo.

Alilifanya pipa hilo kama mtu anayeandika barua. Bati likakunjwa duara, likashikizwa kwa nukta za moto, likawekwa kitako, bega na shingo ya kupitishia mkono. Sasa ikaja kazi ambayo wengi huikwepa. Mshono wa stenlesi ukichomelewa nje tu, upande wa ndani huungua kwa hewa, ukaota magaga meusi kama sukari iliyosahaulika jikoni, na ndani ya magaga hayo togwa ya leo huoza na kuisubiri ya kesho. Dawa yake ni kulijaza pipa lote gesi ile ile ya agoni. Mwinyimvua akaziba kila tundu kwa karatasi na gundi, akapitisha mpira wa gesi chini, akaacha kitobo juu ili hewa itoke, akasubiri. Gesi nyingi ilikwenda kujaza tumbo kubwa namna ile. Kisha akaanza kuunga, polepole, pumzi kidogo kidogo, huku mvuke wa chai yake ukipotea hewani. Alipomaliza alizungusha mkono ndani na hakupata pa kukwaruza.

Kwenye mfuniko aliweka mpira na vibano vya kukaza, ili hata sisimizi asipate njia. Akalijaza maji, akalilaza, akalikausha nje kwa kitambaa, akalichungulia. Kavu. Akampigia simu Zabibu.

"Pipa lako liko tayari."

Kikaja kicheko, kile cha zamani, kinachoanza puani.

"Nakuja."

Alikuja kweli, adhuhuri, na kanga yenye harufu ya moshi wa kuni za mikoko. Mwinyimvua alikuwa amefagia uwanja mara mbili. Zabibu hakuingia ndani kwanza. Alikwenda moja kwa moja uani, kwenye kibanda kipya chenye sakafu ya saruji ambacho mumewe alikuwa amekijenga, akasimama mbele ya pipa, akajiona humo, mnene na mfupi.

"Yarabi! Baba Salama, hili ni nyumba."

"Tia mkono."

Akautia mpaka begani, akapapasa huku amefumba macho.

"Mbona mshono siupati?"

"Upo."

"Siupati."

"Tafuta vizuri."

"Siupati, nakwambia!" Akacheka, mkono ukiwa bado ndani, na Mwinyimvua akafikiri kwamba kama dunia ingekubali kusimama, ingesimama hapo.

Jioni Zabibu alipika. Samaki wa nazi, safari hii wa kweli. Waligawana sinia moja, na Mwinyimvua alikula kimya kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege. Walimpigia simu binti yao Salama, aliyeolewa Ngarambe, wakamsikiliza akicheka kwa furaha ya kuwasikia wote wawili kwenye simu moja. Simu ilipokatika, Mwinyimvua akakata shauri.

"Mama Salama, baki."

Zabibu alinawa mikono taratibu.

"Pipa ni langu?"

"Lako."

"Langu kabisa, au langu likiwa kwako?"

"Lako kabisa."

"Basi kesho nitaondoka nalo." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Baba Salama, kule ninakwenda mtoni asubuhi na wanawake wananiita kwa jina langu. Nyumba ya mama iko wazi, nikiifunga itaanguka. Hapa nilikuwa mke wa fundi, na fundi yuko bandani mpaka magharibi. Sikukuchukia hata siku moja. Nakukumbuka mpaka nakosa usingizi. Lakini nikirudi hapa nitapakumbuka kule vile vile, na wewe utaniona nimekaa nawe, kumbe nusu haipo."

Mwinyimvua akabaki na hila yake.

"Halitapita kwenye boti," alisema.

"Tutaona."

"Nimepima."

Zabibu akamtazama. Polepole akaelewa, na Mwinyimvua akamwona anavyoelewa. Badala ya kukasirika, aliweka kiganja chake kwenye shavu la mumewe, kikiwa bado na maji.

"Mwinyimvua," alisema, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu Salama azaliwe. "We mwanamume wewe."

Asubuhi yake gari la Gautam liliwapeleka Nyamisati, pipa limefungwa kamba nyuma, watu wa njiani wakilipungia kama bibi harusi. Mwinyimvua hakuwa na hofu bado. Aliamini vipimo vyake kama anavyoamini sala tano.

Maji yalikuwa yamejaa. Hemedy na vijana wake walilibeba pipa mpaka ubavuni mwa boti, wakalijaribu huku, wakaligeuza, wakalijaribu kule. Halikuingia. Wakataka kulipandisha juu ya mbavu za boti, chombo kikalala upande, abiria mmoja mwanamke akapiga ukemi, wakalishusha.

"Halipandi, shemeji," Mwinyimvua alisema, upesi mno.

"Kupanda halipandi," Hemedy alikubali. Alilizunguka pipa, akaligonga kwa kifundo cha kidole, likalia kama kengele. Akayatazama maji, akautazama mfuniko wenye mpira na vibano, akamgeukia fundi. "Niambie kitu kimoja tu. Linavuja?"

Gatini pale palikuwa na watu, lakini Mwinyimvua hakumwona hata mmoja isipokuwa Zabibu. Alikuwa amesimama na viatu mkononi, hamsemeshi, hamsihi. Neno moja tu lilihitajika. Aseme linavuja, pipa lirudi Kibiti kurekebishwa, na mwenye pipa arudi nalo, hata kwa wiki, hata kwa siku chache za kumsikia akinung'unika jikoni. Nani angembishia? Nani kati yao anajua mshono? Lakini kila alipofungua mdomo, mkono wake ulikumbuka ule ukuta laini wa ndani, na Zabibu amefumba macho akiutafuta.

"Halivuji," alisema.

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Basi litaelea, na nahodha ni mimi," alisema Hemedy, akawaita vijana.

Walikaza vibano, wakafunga kamba shingoni, wakaliviringisha mpaka majini. Likazama kidogo, likaibuka, likasimama wima, jepesi, likicheza. Watu wakashangilia. Gautam alipiga kofi moja, akamwona rafiki yake, akaacha.

Zabibu alikuja mpaka alipokuwa mumewe. "Njoo Idi," alisema.

"Nitakuja."

"Utatapika."

"Nitatapika."

Akapanda. Hemedy akawasha mashine, boti ikaondoka, kamba ikanyooka, na pipa likaanza kuwafuata. Zabibu aliketi benchi la mwisho, ameupa mgongo upande wa mbele wa boti, mkono mmoja juu ya kamba. Kutoka gatini Mwinyimvua hakuweza kujua anayetazamwa ni yeye au ni pipa. Boti ikapinda kwenye mikoko, ikapotea. Pipa likabaki nyuma kidogo, peke yake majini, linameta, kisha kamba ikalivuta, nalo likapinda.