Mabehewa Sita Yaliyobaki Nje

Aurelia Haule alifukuzwa kazi ya reli Juni 1992, ingawa barua aliyopewa haikutaja kufukuzwa. Ilisema amepunguzwa. Miaka ile mashirika yalikuwa yakipunguza watu kila mahali, neno likapita bila mtu kuuliza. Lakini kwenye faili lake ilibaki ripoti ya kurasa mbili: kwamba mwezi Machi, msimamizi wa zamu wa stesheni ya Mahenzi, Bi. A. Haule, aligeuza njia vibaya na kusababisha treni mbili kugongana. Msaidizi wa dereva alikatwa mguu.

Alirudi Mshangano, pembezoni mwa Songea, kwa mumewe Valeriani, fundi seremala.

"Sikugeuza vibaya," alimwambia mdogo wake Gaudence wiki ile ile. "Treni ya mizigo ilikuwa na mabehewa thelathini na sita. Njia ya kupishania inameza thelathini. Nilimwambia kontrola kwenye simu, yule anayepanga treni zote za njia, akasema ingiza. Mkia ukabaki nje, na treni nyingine ilikuwa imeshapita ishara. Ikaugonga."

Gaudence alilima mahindi Maposeni. Hakuwahi kuona treni maishani mwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Dada, labda ulisinzia kidogo?"

Aurelia aliinuka akaondoka. Alikuwa ameshayasikia hayo kanisani pia, wanawake wakinong'onezana kwamba ndiye yule aliyegonganisha treni. Usiku hakulala, na asubuhi alimkuta mumewe akinoa randa.

"Nitaijenga Mahenzi humu karakanani," alisema. "Ilivyokuwa, kwa vipimo vyake. Wataona kwa macho yao."

"Itakula nusu ya karakana."

"Itakula."

Vipimo alikuwa navyo kichwani, maana alifanya kazi pale miaka kumi na moja. Kila mita moja ya Mahenzi ikawa sentimita moja ya meza, na meza ikafika mita sita na nusu. Reli alizifanya kwa waya wa uzio alioupiga nyundo mpaka ukanyooka, mataruma ya kulazia reli kwa vipande vya mianzi. Mabehewa aliyakata kwenye maboksi ya sabuni, na Valeriani, huku akinung'unika, akakereza magurudumu zaidi ya mia moja na arobaini. Enzi hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya mjini yalikuwa yamejaa redio kaseti za bei rahisi ambazo hazikumaliza mwaka. Aurelia alizifuata zilizokufa, akatoa mota, akaziunga kwenye betri ya gari. Kichwa cha treni cha kwanza kilivuta mabehewa tisa tu, kikaanza kuteleza. Alikijaza madini ya risasi kiwe kizito, akakiongezea mota ya pili, kikavuta tena kikatoka nje ya reli. Mara mbili aliing'oa njia yote na kuilaza upya. Valeriani alijifunza kutomsemesha siku hizo.

Ilimchukua miaka minne. Mwaka 1996 treni ilipoingia stesheni bila kuanguka, mtu wa kwanza kuitwa alikuwa Gaudence. Aliangalia mabehewa yakiingia njia ya kupishania moja moja, kichwa kikafika mwisho wa njia hiyo, na mengine yakabaki yameziba njia kuu.

"Kumbe hayatoshi," alisema.

"Nilikwambiaje?"

"Nisamehe, dada."

Mwaka uliofuata aliingia karakanani mwanamume mmoja kuagiza meza ya ofisi. Alikuwa wakala wa malori, amekuja kutafuta tumbaku ya kubeba kutoka Namtumbo. Aurelia aliitambua sauti kabla ya sura. Ni Henry, aliyekuwa kontrola siku ile.

"Bi. Haule," Henry alisema, akijaribu kucheka. "Dunia ndogo. Yale ya zamani tuyaache."

"Kaa hapo. Utaangalia treni moja tu."

Alikaa. Aurelia aliunganisha nyaya, treni ikaondoka, ikaingia, ikasimama.

"Hesabu yaliyobaki nje."

"Mchezo mzuri huu, lakini..."

"Hesabu."

Henry alihesabu kwa kidole. "Sita."

"Nilikwambia nini kwenye simu?"

"Ulisema haitatosha."

"Wewe ukasemaje?"

"Nilisema ingiza." Alijifuta uso. "Tulikuwa tumeambiwa tuunganishe treni mbili ziwe moja. Ningeandika hivyo kwenye ripoti, ningeondoka mimi. Jina lako lilikuwa tayari kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Nikaona wewe unaondoka hata hivyo, na una mume, una pa kurudi."

Aurelia alichomoa waya wa betri. Miaka yote alidhani Henry aliogopa akasahau, au alielewa vibaya. Hakujua kwamba alikaa, akafikiri, akachagua. Alimwekea karatasi na kalamu mbele yake.

"Andika hayo."

"Nimekwambia, inatosha. Kuandika siandiki."

Valeriani alikunja rula yake. "Meza yako katafute kwa fundi mwingine," alisema, akamfungulia mlango.

Wiki hiyo hiyo Aurelia aliamua kwenda Mbesa, huko Tunduru, kwa Sefu, yule msaidizi wa dereva aliyekatwa mguu. Yeye na Valeriani waliikata meza vipande vitatu, wakapanda nayo lori. Sefu aliwapokea kibarazani, magongo pembeni, na salamu yake ilikuwa fupi. Waliunga meza uani. Treni ilipoingia na kusimama, Sefu aliinama akahesabu mabehewa yaliyobaki nje.

"Irudishe," alisema. "Nipe niiendeshe mwenyewe."

Aliiendesha mara tatu.

"Miaka mitano nimekuombea mabaya kwa jina lako, kila baada ya swala," alisema. "Astaghfirullah. Na huyo kontrola, amekiri?"

"Amekiri. Amekataa kuandika."

"Alikiri akiwa amekaa, miguu yake miwili chini?"

"Amekaa kwenye kiti cha mume wangu."

Sefu aliuangalia mguu wake uliobaki. Kisha akamwita mkewe alete karatasi, akaandika barua kwa makao makuu ya reli kwa mkono wake kuomba ile ripoti ifutwe, Aurelia akaweka sahihi chini, na mchoro wa stesheni wenye vipimo vyote.

Jibu lilikuja baada ya miezi minane, mistari mitatu: suala lilishafungwa. Watu wa Mshangano, ambao sasa walimwamini baada ya kuiona treni, walimwambia Aurelia apumzike, ukweli umejulikana. Maneno hayo yalimkasirisha kuliko jibu lenyewe. Alipanda gari la kwenda Tunduru, akamsomea Sefu ile mistari mitatu, nao wakakaa kuandika barua ya pili.