Mama Apiga Wimbo wa Kauboi

Jana, katika duka la mitumba hapa mtaani kwetu, Parkdale, niliinama juu ya kodiani kuukuu. Harufu ya ngozi na gundi ikanijia, nikakumbuka siku moja ya utotoni.

Mama alikuwa ameanza kazi ya kuhudumia wazee katika makao yao, akiwa bado kwenye majaribio. Msimamizi aliposikia kwamba hupiga kodiani kanisani, alimwomba awapigie wazee nyimbo za kauboi. Mama hakuzijua. Alijifunza mmoja kwa kuusikiliza redioni, lakini mikononi mwake ulitoka polepole kama wa mazishini.

Siku yenyewe nilikaa miguuni pake. Wazee wakasinzia. Katikati ya wimbo, mzee mmoja mwenye kofia pana, ambaye hakuwa akisema na mtu, akaanza kupiga kiti chake kwa kiganja, uso umekunjamana. Msimamizi akageuka.

“Mama, acha,” nikanong'ona. “Amekasirika. Watakufukuza.”

“Tulia, mwanangu, msikilize,” alisema bila kuinua macho. “Ananionyesha farasi anavyokwenda.”

Akaanza kuivuta na kuisukuma kodiani kwa kufuata kiganja cha yule mzee, na wimbo ukatembea, kisha ukakimbia. Sikuwahi kumsikia mama akipiga hivyo. Mzee alifumba macho, machozi yakamtiririka, lakini kiganja hakikusimama. Mimi niliendelea kumchungulia msimamizi, mpaka nilipoona na yeye anagonga sakafu kwa kiatu.