Unywele Nilioutupa Sakafuni

Harufu ya nywele zinazoungua hunirudisha Makongeni, kwenye nyumba yetu ya wafanyakazi wa reli. Mama akimaliza kutusuka, alikuwa akiokota kila unywele ulioanguka na kuutia kwenye jiko la makaa, maana kwao Bungoma nywele za mtu haziachwi ovyo zikaokotwa na mwenye nia mbaya.

Jumamosi moja, katika ukumbi wa mtaa, mwalimu Njoki alitufundisha mkao wa yoga uitwao shujaa: goti la mbele likunjwe, mikono inyooshwe, macho yasiyumbe. Shujaa mwenyewe, alitueleza, ni Virabhadra. Nikueleze taratibu kama alivyotueleza. Shiva, mungu wa Wahindu, alimwoa Sati, lakini baba mkwe, Daksha, hakumtaka. Akafanya sherehe kubwa bila kumwalika. Sati akaenda, akasikia mumewe akitukanwa, akajitupa motoni. Kwa uchungu Shiva aling'oa unywele, akautupa chini. Akainuka Virabhadra, akamkata Daksha kichwa. Hapo muda wetu wa ukumbi ukaisha. Mengine wiki ijayo.

Nyumbani nilimkuta Baba akimfokea dada yangu Nafula: yule kijana wake asikanyage kwetu. Dada akajifungia chumbani, Baba akatoka. Nami, kwa hasira za mtoto wa miaka tisa, nikang'oa unywele, nikautupa sakafuni, nikasimama kishujaa.

Kisha nikaogopa. Mvua ilinyesha, giza likaanza kuingia, Baba hajarudi. Nikapiga magoti kuutafuta.

"Unatafuta nini, mama?" Mama aliniuliza.

"Unywele."

"Nimeshafagia. Nimechoma zote."

Sasa shujaa angeitwaje arudi?

Mlango ukafunguka. Baba akaweka mfuko mezani, na ndani yake kichwa cha mbuzi, na pembe zake, kikinitazama. Nikamrukia Baba, nikampapasa shingo pande zote.

"We, unanipima homa?" akacheka. Kisha akageukia mlango wa chumbani, akashusha sauti. "Nafula, mwambie kijana wako aje kesho anywe supu."

Wiki iliyofuata mwalimu alimalizia: hasira zilipomtoka, Shiva alimpa Daksha kichwa cha mbuzi, akawa hai tena. Nikasahau kukunja goti. Akanishika bega, akasema adui wa shujaa huyu ni kiburi.

Kwa miaka mingi nilishukuru kwamba baba yule alifufuka. Ukubwani ndipo nilipogundua niliyemsahau. Sati hakufufuliwa. Wanasema alizaliwa upya, lakini kwa baba mwingine. Siku ile nilimwogopea Baba tu, na kumbe mchana kutwa dada yangu alikuwa kimya chumbani, wala hakuna hata mmoja wetu aliyebisha hodi.