Samaki wa Plastiki na Mkwe Mwenye Haraka

Mke wangu hapendi beseni lake la kuoshea vyombo liguswe, na simlaumu. Lakini kila Ijumaa jioni ya kiangazi nalijaza maji na kuliacha uani lishike baridi, na Jumamosi alfajiri nachuchumaa mbele yake nikitumbukiza samaki wa plastiki wa kuvulia, mmoja baada ya mwingine. Namtafuta yule asiyezama wala kuelea, anayebaki katikati ya maji kama amesahau alikokuwa akienda. Akipanda juu, namwongezea uzito kwa kuzungushia ndoano yake ile risasi laini ambayo fundi redio huchomelea nyaya. Akishuka, napunguza mzunguko mmoja. Maji ya baridi ni mazito kuliko ya uvuguvugu, kwa hiyo samaki aliyetulia vizuri mchana anaweza kupanda taratibu asubuhi mtoni na kuharibu kila kitu. Hilo nalijua kwa sababu nafundisha fizikia. Mengine karibu yote niliyodhani nayajua kuhusu samaki hawa yalikuwa makosa.

Nilipewa sanduku lao, pamoja na fimbo na kigurudumu chake cha mshipi, na daktari mgeni aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi, siku alipofungasha kurudi kwao. Walikuwa saba, wembamba, urefu wa kiganja, kila mmoja ana ndoano tumboni na kimdomo kinachomfanya apige mbizi ukimvuta. Daktari alinionyesha kwa mkono hewani: shtua, shtua, subiri. Hilo la kusubiri sikulisikia. Nimekulia Mwanza, kando ya ziwa, ambako samaki nilimwona akitolewa majini kwa nyavu, kwa nguvu na kelele, na tabia yangu ni hiyohiyo. Mama yangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu.

Mto ninaovua uko kijijini kwa wakwe zangu, njia ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, karibu saa nzima kwa bodaboda. Unateremka kuelekea Malagarasi. Chini ya miamba kuna kilindi kimoja ambacho ikifika Julai, tope la masika likishatulia, unaona mpaka kokoto za chini. Humo anaishi kibebe, samaki ambaye meno yake yanatokeza nje hata akifunga mdomo. Mshipi wa kawaida anaukata mara moja, ndiyo maana mbele yake natanguliza kipande cha waya mwembamba wa gitaa nilichopewa na kwaya. Asubuhi za baridi kibebe hukaa chini kivulini, mzito, na kinachopita mbio mbele yake anakitazama tu.

Mimi nilikuwa nikipita mbio. Msimu mzima wa kwanza nilimfunga samaki mwekundu mwenye mistari ya njano, kwa sababu ndiye aliyenipendeza mimi, nikamvuta kama mtu anayeanua nguo kabla mvua haijanyesha. Sikupata hata mkwaruzo.

Lakini habari yenyewe ni ya baba mkwe. Aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia huku, akawa raia, akawa katekista, na sasa analima maharage na mihogo. Siku tuliyokwenda kuposa nilimkosea mbele ya watu. Kwao kila upande una msemaji wake, na bwana harusi mtarajiwa hukaa kimya akisemewa. Msemaji wao akaanza kama ilivyo desturi: binti gani? Hapa hatuna binti wa namna hiyo, labda wageni wetu mmepotea njia. Wa kwetu akajibu kwa maneno matamu, wakamkatalia tena, watu wakacheka na kuongezewa kinywaji. Ulikuwa mchezo, na wote waliujua isipokuwa mimi. Ilipofika saa ya pili ya kukataliwa nikasimama, nikasema kama binti hayupo tuambiwe tuondoke, tusipotezeane muda. Kicheko kikakatika. Mzee, aliyekuwa hajatamka neno tangu tuingie, akaweka kikombe chini.

Binti nilipewa, kwa sababu mwenyewe alishikilia. Ila baba yake hakukanyaga nyumbani kwetu Kasulu. Mwezi mmoja baada ya harusi nilipanda pikipiki, nikaenda kumwomba radhi peke yangu, nikamwaga maneno yote kabla sijapewa kiti. Akaniuliza jambo moja tu, nani ananisemea. Nikajibu kwamba najisemea mwenyewe. Akatikisa kichwa polepole, akachukua jembe lake, akaenda shamba. Nilikuwa nimeomba msamaha kwa kurudia kosa lilelile, na wala sikuliona.

Miaka miwili tukabaki na salamu. “Mwakeye, mwalimu,” basi. Hakuniita mkwe hata siku moja. Mke wangu hakulalamika, lakini kila ndugu zake walipopiga simu kwamba wanakuja, alikuwa akiuliza ni akina nani, na akisikia baba hayumo, sauti yake inashuka. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu. Kwenda kuvua kule kwao kulikuwa njia yangu ya kuonekana bila kuongea, ingawa wakati ule nisingekubali kusema hivyo.

Mzee ana bustani ya maharage bondeni, karibu na kile kilindi, na kiangazi huimwagilia kwa ndoo. Jumamosi mbili alinitazama kwa mbali. Ya tatu aliteremka, akaketi juu ya mwamba, akanitazama nikirusha na kuvuta, nikirusha na kuvuta.

“Buhoro, polepole, mwalimu,” alisema. “Unamfukuza.”

Akaomba kuona sanduku. Yule mwekundu alimsogeza pembeni kwa ncha ya kidole. Akanielekezea kwa kidevu visamaki vya ukingoni, vya kijivu, karibu kama kioo, kisha akamtoa yule niliyekuwa nikimdharau: mgongo wa moshi, tumbo jeupe, ubavu unaopenya mwanga. Akanieleza kwamba maji yakiwa machafu unaweza kumpigia samaki kelele za rangi, lakini yakiwa masafi anaona kila kitu, na anayejionyesha sana anamtia shaka. Kisamaki mgonjwa, alisema, hakimbii. Anashtuka, anashtuka, halafu anapumzika, na huko kwenye kupumzika ndiko anakoliwa. Nikauliza, nimpumzishe kwa muda gani? Sala moja ya Baba Yetu, mpaka Amina. Kwao hata yai la kuchemsha hupimwa hivyo, kwa Baba Yetu kadhaa.

Nikashtua mara mbili, nikaacha. Samaki akabaki ananing'inia katikati ya maji, nikimwona wazi, na mkono ukiniwasha. Nilipofika kwenye mkate wa kila siku nikamvuta.

“Hujamaliza,” mzee alisema, bila kunigeukia.

Mara ya pili nilimaliza, bila kitu. Ya tatu bila kitu. Nadhani ilikuwa ya sita au ya saba, nimeshasema Amina na kubaki kwa ubishi tu, nikaona mshipi unatembea kando, taratibu, kama mtu anayeondoka kikaoni bila kuaga. Nikainua fimbo. Sikumbuki vizuri vita vyenyewe, nakumbuka tu kwamba nilipiga magoti kwenye maji ya baridi na kwamba mzee alikuwa amesimama. Alikuwa kibebe wa kutoka vidole vyangu mpaka kiwiko. Nilimtoa ndoano kwa koleo, nikampelekea mzee kwa mikono miwili.

Hakumpokea.

“Cha mtu tusiyemalizana naye siwezi kula,” alisema, bila ukali. “Mpelekee mwanangu. Halafu kesho, baada ya misa, uje na mtu wa kukusemea.”

Nilimchukua mwalimu mwenzangu kutoka Heru Juu, Mha mwenye ulimi mzuri, na mke wangu. Mwenzangu alisema kwa Kiha, taratibu, akazunguka, akasifu maharage, akafika kwenye kosa langu na kulitaja lilivyokuwa. Alipomaliza, mzee alijiegemeza kitini. Akatazama ukuta. Kuku akaingia, akatoka. Nilikuwa na sentensi moja nzuri sana niliyoiandaa njia nzima, na ilikuwa imenifika kooni. Mwenzangu alinitupia jicho la hofu. Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa, na nikaona vidole vyake vimekamata kitenge kwa nguvu. Nikaweka mikono chini ya mapaja, nikaikalia. Sikusema.

Mzee alimruka msemaji wangu kwa macho, akanitazama mimi.

“Sasa nimekusikia, mkwe,” alisema.

Kisha akamgeukia binti yake, akamuuliza kule Kasulu huwa tunakula saa ngapi.