Mama Alikataa Nguzo ya Chuma

Mama alifika kwangu Butembo na sufuria moja, mbegu ya maharagi ndani ya kitambaa, na misumari. Ile misumari njo ilinishinda kuelewa. Mutu anakimbia masasi ya bunduki pande ya Luofu, anatembea, anapanda juu ya gari ya makala mpaka Kirumba, anatembea tena, na mu mufuko ya koti iko anabeba misumari ya zamani, yenye kutu, ingine imejikunja sawa kidole ya muzee.

Nikamuuliza: «Mama, hii misumari ni ya nini?»

Akaniangalia sawa mwalimu anaangalia mutoto mwenye kurudilia klasi. Ile macho ninaijua, niliiona mingi ku masomo.

«Ya nyumba.»

«Nyumba iko wapi?»

«Basoda baliipikia maharagi. Baliacha jivu. Mimi nikachakura mu jivu.»

Sikumuuliza basoda gani, askari ya nani. Ile wakati kila kundi ilikuwa na basoda yake, na bote balikuwa na njaa moja.

Ile nyumba, marehemu baba aliijenga na mikono yake, nguzo ya eukalipti, mbao pembeni, manjanja, ni kusema mabati, juu. Kwetu nyumba ya mbao haikae pahali moja sawa kanisa. Mutu akiuzisha kiwanja, hauzishe nyumba. Anaita bandugu, banatoa misumari, banafunga mbao, banabeba nguzo ku bega, na jioni ile nyumba iko inatoa moshi ya bugali upande ingine ya kilima. Yetu ilikwisha kuhama mbele mimi nizaliwe. Mama alikuwa anasemaka: nyumba ya mbao iko na miguu, ni vile tu inangojeaka miguu ya watu.

Basi mama akalala mu salon yetu pamoja na batoto. Bibi yangu, mama ya batoto bangu, na yeye bakapatana vizuri sana, bakaanza kucheka pamoja mu jikoni, na kila nikiingia bananyamaza. Njo nikaona ni lazima nimujengee mama nyumba yake haraka, nyuma ya parcelle, mu kiwanja yetu.

Na mimi kujenga ninajua. Nilisoma construction, ile masomo ya kujenga, mpaka mwaka ya tatu. Ya ine ilinishinda, ao mimi niliishinda kwa kukimbia, inategemea nani anaelezea. Tangu ile wakati batu ya avenue bananiita Ingénieur, na hapana kwa kunisifu.

Nilikuwa nimefanya kazi kidogo Beni, mu Bungulu, ku nyumba ya chef moja wa bureau, mutu wa serikali mwenye kutoka province ingine. Nyumba yake haikukuwa na nguzo ya muti hata moja. Yote ilikuwa tube ya chuma, ile yenye kona ine, wamesouder, ni kuchomelea na moto, moja ku ingine, halafu mbao na manjanja inashikwa juu yake. Vita ikapita pale. Balibeba milango, balibeba mbao, balibeba manjanja, balibeba mpaka choo. Mais ile tube ilibakia imesimama, sawa mifupa ya samaki ku sahani. Niliiona na macho yangu. Nikasema: hii njo kujenga.

Nikaenda kwa rafiki yangu soudeur, mutu mwenye kuvaa miwani nyeusi hata ku misa. Naye alikuwa na falsafa yake.

«Ingénieur, sikia. Muti, basoda banapika nayo. Chuma hawapike.»

«Chuma banauzisha.»

«Kuuzisha inaomba mutu wa kununua. Kupika inaomba njaa tu.»

Nikaleta tube. Tulizipanga kando ya ukuta, mpya, zinangaa, nami ninazunguka zunguka hapo ili bajirani banione. Soudeur akafika na poste yake ya kusouder na groupe ya kutoa umeme. Mama akatoka mu jikoni, mikono iko na unga, akagonga tube moja na kidole.

«Inalia.»

«Ni chuma, mama,» nikasema. «Michwa haiikule. Moto haiikule. Ku Bungulu niliona nyumba, balibeba kila kitu, chuma ikabakia.»

«Ilibakia na nini?»

«Ilibakia tu. Imesimama.»

«Mutu anaweza kulala ndani ya kubakia?»

Soudeur akacheka. Mama hakucheka. Akamugeukia: «Na wewe, mutoto wangu, siku ya kurudi kwetu, hii tunaitoa namna gani?»

«Haitoke, mama,» soudeur akasema na furaha, ni kazi yake alikuwa anasifu. «Nikiisha kuisouder, hata Bwana Yesu akirudi ataikuta palepale.»

Mama akapangusa unga mu kikwembe yenye alijifunga, pole pole, kidole moja moja.

«Donc munataka kunisouder hapa.»

Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeongea michwa na moto, mais mu roho yangu ilikuwa kitu ingine: sikutaka mama arudi Luofu. Kila juma batu balikuwa banafika ku parokia na mikeka ku kichwa, kila mutu na habari yake, na hakuna ilikuwa nzuri. Nilisema, mama akiwa na nyumba ya kutotoka, naye hatatoka. Mutu wa construction ya tatu anafikiri hivyo.

«Kama ni ile, nitabakia mu salon,» mama akasema. «Mu salon niko mugeni. Mugeni anarudiaka.»

Kisha akaongeza, na ile maneno niko nayo mpaka leo: «Musumari inaingia, musumari inatoka. Soudure inaingia tu.»

Soudeur akafunga kamba ya groupe yake, akaenda. Tube ikakuwa kamba ya kuanika nguo. Bibi yangu alisema tangu tuoane ni mara ya kwanza ninaleta kitu ya maana.

Nikatafuta eukalipti. Zilikuwa zinatoka ku barabara ya Beni. Siku tulijenga, muzigo wa mwisho haukufika: masasi ilianza kulia kule, gari ikageuka. Nguzo zote zilikuwa mu udongo, ikabakia kona moja, ile ya kitanda ya mama. Mama mwenyewe alikuwa ameenda kusali. Bandugu benye kukuja kusaidia balikuwa bamekaa juu ya mbao, bananiangalia.

«Ingénieur, tunangojea plan,» moja akasema.

«Anatafuta mu kichwa,» mwingine akasema. «Hakuna mwangaza kule, mumupe muda.»

Nikaona muti mu lupango, ile batu banapandaka kwa kuzungusha parcelle, umenyooka, munene sawa mukono ya askari. Nikaukata. Nikauchomeka mu shimo, mubichi vile, na maganda yake, nikapiga mawe na udongo, nikasema: haya, kona. Sasa, kwetu hata mutoto anajua lupango inapandwaka namna gani: unakata muti, unauchomeka mu udongo, unaota, basi. Bale bandugu balijua. Balisema tu balifikiri ni mambo ya masomo.

Mama akaingia mu nyumba yake. Alikuwa ananyoosha misumari ya baba juu ya jiwe, njo ile tulipigilia mu mulango. Akanena wasingya, ni kusema aksanti kwa kinande, akalala.

Mvua ikakuja. Asubuhi moja akaniita.

Ku kona, juu kidogo ya muto yake ya kulalia, jani lilikuwa limetoka katikati ya mbao mbili. Dogo, ya kijani, linangaa. Nikaangalia jani. Mama akaniangalia mimi.

«Nilikataa kusouderwa,» akasema. «Sasa umenipanda.»

Nilitaka kucheka, juu kawaida mimi kitu ikinishinda ninacheka. Haikutoka. Mama hakukasirika. Aliketi ku kitanda akashika lile jani katikati ya vidole sawa anashika sikio ya mutoto, akalikata, akanipa nipelekee mbuzi.

Ikakuwa kazi yake. Jani ikitoka, anakata. Nami, nikiisha kuosha batoto, maji nilikuwa ninaimwanga ku ile kona, kwa inje. Bibi yangu akaniuliza mbona pale kila siku. Nikasema ni juu ya muteremuko. Muteremuko ilikuwa upande ingine.

Nilikuwa ninafikiri sana ile wakati, mimi mwenye kufikiri haikukuwaka kazi yangu. Kwa nini mutu anataka kurudi pahali nyumba yake iligeuka kuni? Nilikuwa ninasema na chuma: mama, kaa. Yeye alikuwa ananisikia vizuri kabisa, alikuwa anajibu tu na misumari.

Ikafika kiangazi, batu ya Luofu bakaanza kusema kule kumenyamaza. Moja alikwisha kurudi, akapanda, akavuna. Mama akasikiliza hizo habari ku mulango ya kanisa, akafika nyumbani, akasema: «Ita bandugu.»

Sikubishana. Niliita. Balitoa misumari, mama anaipokea mu sahani. Balifunga mbao, balishusha manjanja, baling'oa nguzo, na zile zilitoka sawa meno ya mutoto. Ikabakia ile ya kona. Tukavuta. Tukachimba na beche. Soudeur mwenyewe akafika, akavua miwani, akakumbatia ule muti, akavuta mpaka shingo ikavimba. Mizizi ilikuwa imeenda chini ya lupango ya jirani.

«Tukate,» nikasema.

«Iache,» mama akasema.

«Mama, utakosa nguzo ya kona kule.»

«Iache. Hii iko mutu wa Butembo sasa.» Akanipapasa mugongo. «Sawa wewe. Na wewe walikuchomeka hapa na maganda yako yote, ukaota. Sikulaumu. Mais mimi niko mbao kavu, mutoto wangu. Mbao kavu inarudi na gari.»

Akapanda juu ya muzigo ya nyumba yake, katikati ya nguzo, sahani ya misumari mu magoti, na gari ikashika barabara ya Kirumba. Batoto bakakimbia nyuma. Mimi nilibakia ninashikilia ule muti, batu banifikirie niko ninaupima.

Miezi kidogo ikapita. Shofere moja wa gari ya maharagi akaniletea neno ya mama. Nyumba imesimama, alisema. Ni kona moja tu inainama, ile ya kitanda. Eukalipti balipata kule ilikuwa mubaya. «Mama yako anasema umuletee chuma yako. Moja. Na soudeur abakie kwake.»

Soudeur hakukasirika. Alitoboa tube matundu ya kupitisha misumari na waya, akaisafisha sawa ni ya kuoa. Nikasafiri nayo juu ya gari, urefu wake unapita kwa nyuma, ku kila barrière basoda banagonga banauliza ni silaha gani. Ninajibu: «Ni ya mama.» Banacheka, bananiacha nipite. Kuna siku upumbafu unasaidia.

Tuliiweka mu kona, eukalipti huku na huku, chuma katikati, imefungwa na waya na misumari ya baba. Mama akaigonga na kidole. Ikalia.

«Hii haiote?»

«Haiote, mama.»

«Na kutu?»

«Kutu inapata. Usipoipaka rangi kila mwaka, inakulwa.»

Akaangalia ile nguzo, halafu akaniangalia mimi, na ile macho ya mwalimu.

«Sasa nani anajua kupaka rangi ya chuma hapa Luofu?»

Basi kila kiangazi, kama barabara iko wazi, ninapanda gari na kopo ya rangi mu magoti. Kuna mwaka barabara haikukuwa wazi. Mwaka wenye kufuata, mama alinionyesha pahali kutu ilianza, chini kabisa, kidogo sawa mbegu, na akabakia amesimama nyuma yangu mpaka nikamaliza kuisugua.