Ukuta Uliotangulia Sale

Nakumbuka asubuhi ile ya masika, hapa hapa Kibosho, nilipoamshwa na kishindo nikadhani ni mgomba umeanguka. Wewe, mwanangu, ulikuwa bado unanyonya. Nilitoka na khanga mabegani nikakuta ukuta wa baba yako haupo. Ulikuwa umelala wote kwenye kihamba cha mdogo wake, shamba lake la migomba na kahawa, na njia ya gari tuliyojivunia imebaki shimo.

Nimekuona tangu juzi ukipima pale mteremkoni na kamba na vigingi, nawe unataka gari lifike mlangoni. Sikukatazi. Hata mimi miguu imechoka kupanda kutoka barabarani. Ila kaa kwanza, maana kuna habari ya ukuta ule sijakuambia, na ni afadhali uisikie kwangu kuliko kwa maneno ya watu msibani siku moja.

Miaka ile ya Ujamaa baba yako Aloisi alikuwa fundi magari Moshi mjini. Aliokota vipuri huku na huku mpaka akaunda pikapu yake mwenyewe, lakini ililala barabarani kwa kukosa njia. Sisi tulikaa juu. Klementi, mdogo wake huyo na kitindamimba wao, alikaa chini na mama yao, maana kwetu mtoto wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Njia haikuwa na budi kupita mpakani, na udongo wake ulihitaji ukuta wa mawe wa kuuzuia usimwagikie kwa Klementi.

Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa sale. Mmea huo unaujua, ndio alama yetu ya mpaka, na jani lake ndilo tunaloombea msamaha. Ukimkosea mtu ukampelekea sale, hana namna, lazima akusikilize. Baba yako aliung'oa mstari ule apate pa kuweka msingi. Alikusudia kuurudisha kazi ikiisha, lakini hakumwambia Klementi. Alisema tu, "Si mdogo wangu? Ataona."

Na kweli akaona. Alirudi kutoka gulioni akakuta fundi mwashi ameanza kupanga mawe na kuacha matundu ya kutolea maji, na matundu yote yanatazama migomba yake.

"Shikamoo kaka," alisema. "Kwa hiyo umepanga maji yako yote yaje kwangu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Wangekaa, wangekubaliana mtaro wa kuyapeleka kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaopita kando ya nyumba zote mbili, na habari ingeishia hapo. Lakini baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mwepesi wa hasira. "Hata tone halitakufikia," alijibu, akamwamuru fundi azibe matundu yote. Mimi nilikuwa bibi arusi wa juzi tu. Niliendelea kumenya ndizi.

Udongo mkavu si kitu, mwanangu. Ukishiba mvua ndipo unaposukuma, na maji yasipopewa pa kutokea hujitafutia yenyewe. Masika ya pili ukuta ulianza kuvimba tumbo katikati. Sote tuliuona, wa juu na wa chini, kila mmoja akangoja mwenzake aseme. Asubuhi ile ukaangukia mibuni iliyopandwa na baba yao, na banda la ng'ombe aliyekuwa akiwapa maziwa watoto wa Klementi. Tulichimbua kwa majembe tukamkuta ng'ombe yule amekufa.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alipekua kwenye kifusi akapata shina la sale, akachuma jani, akalifunga fundo, akampa baba yako.

"Aloisi, mpelekee mdogo wako leo."

"Mama, niende na jani, na mawe yangu yamelalia shamba lake? Nikishajenga upya na kumtafutia ng'ombe, nitakwenda."

"Hakuna aliyekuomba ukuta," mama alisema. "Yule anakungoja wewe."

Baba yako hakuwa mtu mbaya. Aibu ilimshika, akadhani anayestahili kuomba msamaha ni yule aliyekwisha kutengeneza alichoharibu. Na saruji wakati huo ilikuwa ya kibali, unaambiwa rudi wiki ijayo, na wiki ijayo hakuna. Jani likakaukia juu ya mlango wa jiko. Kule chini Klementi aliona mawe yakikusanywa, aliona kaka yake akipita na kumsalimu tu, lakini sale haiji. Kwetu hilo lina maana moja tu, kwamba mtu hajioni kama amekosa. Akafunga mizigo akaenda Tarakea kufanya biashara ya mahindi. Hata Krismasi hakurudi, na unajua mwenyewe Mchaga asiyerudi nyumbani Krismasi ana jambo moyoni.

Ukuta ulipokwisha ulikuwa mzuri, na matundu yake, na mtaro wake. Baba yako akapata mtamba, akasema Jumapili tutamfuata Klementi. Kabla ya Jumapili ikaja habari kwamba amefariki kwa homa. Jeneza lililetwa kwa njia ile ile, kwa kuwa ndiyo pekee gari lingeweza kupita. Baba yako alisimama kaburini na jani bichi la sale mkononi, hajui amkabidhi nani. Mama yake akamwambia polepole, "Litie tu mfukoni, mwanangu." Sijapata kuona mtu mzima akilia vile, na inaniuma mpaka leo. Njia ile hakuipitisha gari tena, matundu yakaziba kwa kukosa matunzo, na miaka mingi ya mvua ikaifuta pamoja na ukuta wake.

Basi kunja kamba hiyo. Shuka kwa mtoto wa Klementi kabla lori la mawe halijaja. Usimpelekee mpango uliokwisha, mpelekee swali: maji tuyapitishe wapi? Ukuta uwe na matundu, nyuma yake ujaze kokoto, na mtaro uishie mtakapokubaliana ninyi wawili. Na siku ukimkosea mtu, awe ndugu au mkeo, nenda siku hiyo hiyo na mikono mitupu. Ya kutengeneza utatengeneza baadaye.

Ruwa, Mungu wetu, akujalie ukuta unaosimama, mwanangu, na ndugu wa kukufungulia mlango ungali unapiga hodi.