Mahindi Niliyoyafukia Mtoni

Juzi, kiangazi hiki, mkwe wangu alitoa mahindi mabichi kwenye friza niliyoinunua mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la pili. Yalipochemka, harufu ile ilinirudisha utotoni.

Mdogo wangu Felista alikuwa mgonjwa, hali kitu. "Kaka, nataka hindi bichi tu. Hata la kuiba." Mashamba yalikuwa yamekauka, lakini tangu masika nilikuwa nimefukia matano kwenye tope la mto, lile la baridi ya kuuma vidole, ili yabaki mabichi. Nikachimba huku nacheka. Yakatoka meusi, yananuka kama panya aliyekufa.

Nikampelekea mama. Hakunigombeza. Alikaa chini akalia, nami nikadhani analilia mahindi.

"Usilie, mama," nikamwambia. "Mwakani nitamfukia Felista mengi."